Mshale wa joto unashuka njia ya Likasi: kabla ya kufunga kartoni

Mukubwa, umeuliza kwa nini mshale wa joto unashuka ukishika lami ya Likasi alfajiri, na kama kartoni wanayofunga wenye malori mbele ya radiatere itakufaa. Itakufaa kidogo. Mimi ningeanza na termosta, yaani kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya motere kwenda radiatere.

Termosta ikifunga, maji yanazunguka ndani ya motere tu. Upepo utapuliza radiatere upendavyo, maji ya moto hayapiti humo. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye digrii 82 au 88, na maji yakipoa zinafunga tena. Kwa hiyo mshale ukishuka na kubaki chini, termosta imekwama wazi, au haimo kabisa. Hapa Lubumbashi mara nyingi nakuta haimo: gari lilichemka mjini, fundi akaing'oa, akasema kwenye nchi za joto haina kazi. Amwulize anayeondoka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba!

Piga hesabu. Maji yakiwa digrii 90 na hewa 30, tofauti ni 60. Hewa ikiwa 10, tofauti ni 80, yaani radiatere inatoa joto theluthi moja zaidi, na bado hujaongeza upepo wa mwendo. Motere ikibaki baridi inakula mazutu (dizeli) na kuchakaa mapema.

Kupima ni rahisi. Washa gari likiwa baridi, shika mpira wa juu wa radiatere (uangalie vidole na feni). Termosta ikiwa nzima, mpira unabaki baridi muda mrefu, halafu unapata moto ghafla. Mpira ukipata joto polepole tangu mwanzo, umeshapata jibu: termosta imekwama wazi au haimo. Kuna motere zenye termosta upande wa chini. Hizo shika mpira wa chini.

Ukifunga kartoni wakati unatafuta termosta, funika nusu tu na uache katikati wazi. Feni nyingi za dizeli zina klachi, inayoshika na kuachia feni kwa kuhisi hewa ya moto itokayo katikati ya radiatere; ukiziba hapo, haijui kwamba maji yanachemka. Na uitoe jua likipanda, hasa ukienda kukwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa.

Ukirudisha termosta gari likachemka tena mjini, tazama vumbi la kiangazi kwenye mapezi ya radiatere, yale mabati membamba ya kupitisha hewa. Lipulize kutoka upande wa motere kwenda nje, kwa presha ndogo, maana mapezi yanapinda upesi.