Spika ya kati imelala chini ya TV, mbona aliye pembeni hasikii maneno?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina spika tano na sabwufa, ile ya kati nimeilaza juu ya kabati chini ya TV, ina wufa mbili (zile spika kubwa za sauti nzito na za kati) na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) katikati. Nikikaa katikati ya sofa maneno nayasikia safi kabisa, ila mke wangu anakaa pembeni na kila siku analalamika kwamba haelewi waigizaji wanasema nini. Tukibadilishana nafasi na mimi naanza kukosa maneno. Spika ni mbovu au nimeseti vibaya risiva, ile mashine inayoendesha spika zote? Na nikiisimamisha wima itasaidia?

JIBU: Nzuri ndugu. Spika yako nzima kabisa na mkeo yuko sahihi, hilo analosikia lipo kweli na linapimika. Tatizo ni umbo lenyewe la hiyo spika, imelazwa hivyo kwa sababu ya nafasi, watu wanataka boksi fupi lisilozuia kioo, kwa hiyo mtengenezaji anapanga wufa, twita, wufa kwenye mstari mmoja wa kulala, inapendeza macho ila sauti ndo inalipia.

Fikiria wufa mbili zinatoa sauti ileile kwa wakati uleule. Wewe uliye katikati uko umbali sawa na zote mbili, mawimbi yanakufikia pamoja yanajumlishana, safi. Mkeo pembeni yuko karibu na wufa moja kuliko nyingine. Tuseme toka katikati ya wufa moja mpaka katikati ya nyingine ni sm 30, nyie mko mita 3 toka kwenye spika na yeye kasogea pembeni mita 1.2, hapo tofauti ya safari ya sauti ni kama sm 11. Sasa sauti ya hezi 1,500, yaani mitetemo 1,500 kwa sekunde, ina wimbi la urefu wa sm 23 hivi, yaani nusu yake ni hiyohiyo sm 11 na kitu, kwa hiyo wimbi la wufa moja linapofika likiwa juu la mwenzake linafika likiwa chini, yanauana. Na eneo hilo la hezi 1,000 mpaka 4,000 ndo lenye herufi nyingi zinazotufanya tutofautishe neno na neno, maana yake mkeo anasikia kwamba mtu anaongea ila maneno yenyewe yana mashimo. Kuongeza volyumu hakuzibi hilo shimo, mnaongeza tu makelele ya kila kitu kingine.

Wufa, twita, wufa sio mpangilio mbaya wenyewe. Mhandisi wa spika Joseph D'Appolito alipouelezea mwaka 1983 ulikuwa wa kusimama wima, na hapo una akili sana, maana ule mgongano wa mawimbi unahamia juu na chini, na watu wa sofa moja masikio yao yako karibu usawa mmoja. Kwa hiyo ndio, ukiisimamisha itasaidia, tena sana, kama una nafasi ya kuinua TV kidogo au kuipandisha ukutani. Usiipandishe mpaka shingo ziume lakini.

Kama haiwezekani, mimi ningeanza na haya kabla ya kutoa hela. Ivute spika mpaka ukingo wa mbele wa kabati, uso wake utokeze kidogo kabisa, ikibaki nyuma sauti inagonga mbao inarudi inachanganyika na ile ya moja kwa moja. Ukiichomeka ndani ya shubaka ndo mbaya zaidi, sauti za wanaume zinakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Halafu ielekeze juu kidogo iangalie masikio: twita ikiwa sm 45 toka sakafuni na masikio yako mita 1, kwa umbali wa mita 3 unahitaji kuinua mbele kama digrii 10, vipande viwili vya raba chini vinatosha. Kwenye risiva weka krosova (mpaka wa kugawana sauti) ya spika ya kati hezi 80 au 100 ili besi iende kwa sabwufa, na pandisha levo yake desibeli 2 tu. Na sogezeni sofa nyuma kama chumba kinaruhusu, maana ukirudi nyuma pembe ya aliye pembeni inapungua na shimo linasogea kwenda kwenye sauti nyembamba zaidi, za hezi nyingi.

Kujua kama ni hilo kweli, washa ile kelele ya majaribio ya risiva kwa spika ya kati peke yake, kisha tembea taratibu toka upande mmoja wa sofa mpaka mwingine kichwa kikiwa usawa wa kukaa. Ukisikia rangi ya sauti inabadilika badilika, ndo hilo.

Siku ukibadilisha, usihesabu wufa, angalia twita imekaaje. Tafuta yenye spika ndogo ya sauti za kati imewekwa chini au juu ya twita, wufa mbili zikiwa pembeni na zimekatwa zisitoe sauti za juu ya hezi 300 mpaka 500. Kwenye hezi 400 wimbi lina sm 86, kwa hiyo hata wufa zikiwa sm 40 mbali haziuani. Ubaya wake boksi linakuwa refu kwenda juu na bei inapanda. Kuna na zile ambazo twita imekaa ndani ya spika ya sauti za kati, hizo nazipenda kwa sofa pana, zinalala vizuri.

Na kama zako za kushoto na kulia ni nzuri, jaribu usiku mmoja kuzima ya kati kabisa kwenye risiva, maneno yatoke kwa hizo mbili. Kwa aliye katikati inatosha vizuri tu, ila kwa mkeo sauti itavutika upande wake aliokaa, sasa yeye ndo aseme kipi bora.