Mbegu za kale za bustani ya Monticello
Ndugu, umeuliza kama mbegu zinazouzwa Monticello, makumbusho yaliyokuwa makazi ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, huko Virginia, zitatoa mimea ileile ukizihifadhi mwaka hadi mwaka. Ndiyo, zitatoa, kwa sababu kituo cha mimea ya kihistoria kilichoanzishwa hapo mwaka 1987 hukusanya na kutunza aina za kale, ambazo si chotara, na uzao wake hufanana na mmea mzazi mradi usichanganyike na aina nyingine. Maharage hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo hayana shida. Maboga, ambayo nyuki huhamisha chavua yake kutoka shamba moja hadi jingine, yanakulazimu kufunga ua kabla halijachanua na kulichavusha kwa mkono.

Ukifika huko, usiyapite matuta ya bamia na ufuta kwa haraka. Jefferson aliusifu sana ufuta kwa mafuta yake, lakini mazao hayo yaliingia Marekani pamoja na Waafrika waliotekwa, na tambarare ya bustani iliyokatwa kwenye mteremko, yenye urefu wa takriban mita 300, ilichimbwa kwa mikono ya watumwa.