Mbwa anakimbiza mbuzi wa jirani, nimvalishe kola ya rimoti?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Usa River, nina jemani shepadi dume anaitwa Bobi, ana mwaka na miezi miwili. Shida yake ni mbuzi. Geti likifunguliwa tu ashatoka, unaita Bobi Bobi mpaka sauti inakauka, sikio hageuzi. Mwezi uliopita nimelipa mbuzi wa jirani aliyevunjika mguu. Jamaa mmoja kaniambia ninunue ile kola ya rimoti inayopiga shoti. Sitaki kumtesa mbwa ila kulipa mbuzi nako nimechoka. Nichukue ya aina gani?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kabla ya kola niambie kwanza, Bobi akiwa hapo uani, hakuna mbuzi hakuna nini, ukimwambia njoo anakuja? Kama anakuangalia tu afu anaendelea kunusa ukuta basi hela yako itapotea, maana kola haimfundishi neno, inamkumbusha neno analolijua. Mbwa asiyejua "njoo" ni nini ukimpiga shoti anachoelewa ni kwamba shingo imeuma, na ataanza kutafuta nani kamuumiza. Wewe uko mita hamsini na rimoti yako, yeye macho yako kwa mtoto anayepita na ndoo ya maji, basi kesi anabebeshwa mtoto. Ndo maana mbwa mkali au mwoga mimi simvalishi kabisa, na wa chini ya miezi sita pia hapana.

Anza na kamba ya mita 10 na mapupu ya kuchemsha, kata vipande vidogo kama kucha. Unaita mara moja, akigeuka tu anapewa, asipogeuka unamvuta taratibu bila kelele. Akishaiva uani ndo unamsogeza kwa mbuzi, wawe mbali kwanza, kila siku hatua chache, na kamba hiyo usiiachie. Uingereza, Chuo Kikuu cha Lincoln walifanya utafiti uliotoka 2014 kwa mbwa 63 wa tabia hizi hizi, wasioitika na wanaokimbiza mifugo, na kola haikuonekana kuwazidi waliofundishwa kwa chakula. Na huko Ujerumani alikotoka shepadi wako mahakama ilishasema tangu 2006 kwamba kutumia kola ya shoti ni marufuku.

Ila najua wengine mtanunua tu, basi nunua ya maana. Iwe na namba nyingi za nguvu ya shoti zinazopanda kidogo kidogo, zile za bei ya kutupa unabonyeza mbili hasikii kitu, tatu anaruka juu. Vitufe vya mlio, mtetemo na shoti viwe mbali mbali usije ukakosea, ijizime yenyewe kidole kikiganda, na isiingie maji. Ule umbali wa rimoti wa mita 800 ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu, kwenye migomba na kuta usiutegemee.

Kuvaa ndo watu wengi wanakosea. Iwe juu shingoni, vile vijipini viwili vya kola vinavyopitisha shoti viguse ngozi. Ikilegea vinagusa manyoya tu, wewe unadhani shoti ni ndogo unaongeza, unaongeza, siku vikigusa ngozi sawasawa mbwa analia kama kakanyagwa na gari. Anzia namba ya chini kabisa akiwa ametulia, panda moja moja, ukiona sikio limecheza kama kaguswa na inzi ishia hapo. Akilia umeshapita. Afu unasema njoo, unabonyeza kwa hiyo namba ndogo huku kamba iko mkononi, akianza tu kuja unaachia kitufe, akifika pupu lake. Ukiwa na hasira rimoti iache ndani.

Usiku vua. Na mchana ihamishe kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Nililetewa mbwa alivalishwa wiki nzima, nikahisi harufu kwanza, kufunua manyoya nakuta matundu mawili yanatoa usaha, na wala haikuwa shoti, ni vile vijipini kukandamiza sehemu moja. Mwenyewe alikuwa hana habari.

Halafu hilo geti, weka komeo.

SWALI: Mbwa wangu ni mweupe mwili mzima, kiziwi tangu kuzaliwa. Kola inaweza kunisaidia kumwita? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kwa mbwa kama huyu ndo kola naitetea kabisa. Chukua ya mtetemo tu, isiyo na shoti kabisa. Kola itetemeke sekunde moja, hapo hapo mpe dagaa, ndani ya nyumba, mara kumi kumi, mpaka kila ikitetemeka akutafute kwa macho. Akikuangalia ndo umpe ishara ya mkono. Akishtuka na kukimbilia chini ya meza usilazimishe, iweke sakafuni itetemeke karibu na bakuli lake siku mbili tatu, afu ndo umvalishe.