Mnaoanza kutengeneza gemu za vita, iacheni kidogo Normandy

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza gemu za risasi, kuna kitu nataka niwaambie kabla hamjaanza kuchora levo yenu ya kwanza. Wachezaji wanasema wamechoka na gemu za Vita Kuu ya Pili, ila karibu kila anayeanza ananionyesha kitu kilekile, ufukwe, boti zinashusha mlango wa mbele, wanajeshi wa Marekani wanamwagika majini na rashasha zinawafyeka toka juu kilimani. Omaha, ule ufukwe wa Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Naelewa kwanini mnakimbilia huko, maana picha na ramani zipo kibao, silaha zinajulikana, adui hana utata, na mimi mwenyewe nilianza hapohapo.

Nilikaa miezi minne natengeneza Omaha yangu. Nikahangaika na vile vizuizi vya chuma mchangani, rangi ya maji, moshi, kila kitu. Alafu nikaita watu wawili wajaribu na sikuwaambia chochote, yaani mlango wa boti umefunguka tu wote wawili wakakata pembeni, wakajibanza nyuma ya kizuizi, wakasubiri rashasha inyamaze, wakakimbia hadi kwenye ukingo wa mawe chini ya kilima, na mmoja akaanza kutafuta bomba la kulipulia seng'enge kabla hata gemu haijamwambia kwamba lipo! Hawakushtuka hata kidogo. Ile njia walikuwa wanaijua kama njia ya kwenda kwao. Niliumia sana siku ile, ila ndo siku nilielewa huu uchovu watu wanaousema ni wa nini hasa.

Angalieni wenyewe. Gemu ya Vita Kuu ya Pili, Medal of Honor, ilitoka 1999, mwendelezo wake Allied Assault 2002 ikatupeleka Omaha, mwaka huohuo Battlefield 1942, 2003 Call of Duty ikaja, zikafuata nyingine mpaka 2007 Call of Duty 4 ikahamia vita vya kisasa na kila mtu akahamia huko, na huko nako watu wakachoka. 2016 Battlefield 1 ikarudi Vita Kuu ya Kwanza, watu wakafurahi, mwaka uliofuata Call of Duty: WWII inaanza wapi? Omaha.

Kwahiyo msidhani mkibadilisha mwaka na sare mmemaliza kazi. Ukimtoa mchezaji Normandy ukamweka kwingine, alafu ukampa rashasha ileile ya kunyamazisha na daraja lilelile la kulinda, ni levo ileile umeipaka rangi. Mimi siku hizi naanza na askari, huyu mtu kapewa kazi gani, anajua nini kuhusu pale alipo, kipi kinamchelewesha. Kumbukeni ule mwanzo wa Battlefield 1, unakufa, linatokea jina na miaka aliyoishi, alafu unaamkia kwenye mwili wa askari mwingine. Mitaro na matope tulishayaona, ila kufa kule kulikuwa kupya kabisa.

Na Vita Kuu ya Pili vyenyewe ni vikubwa mno jamani, inaniuma tukivibana kwenye siku chache. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ya jeshi la Uingereza, ilishuka bonde la Kabaw kule Burma katikati ya mvua za monsuni kuelekea mto Chindwin. Hebu mfikirie askari ambaye nusu ya vita yake ni njia inayomezwa na tope, gari limezama, mgonjwa wa malaria inabidi abebwe, na Mjapani yupo sehemu kwenye ule msitu ila humuoni. Hapo kufyatua risasi ni dakika chache tu, ila kila dakika unaiogopa.

Namna ya kujipima ni rahisi. Mkalishe mtu acheze dakika tano, simamisha gemu, muulize nini kinafuata. Akipatia mara tatu mfululizo, vunja hiyo sehemu hata kama umeilalia macho wiki nzima, tena vunja mapema kabla hujaweka mapambo, maana ukishapamba roho inakuwa ngumu.

Ile Omaha yangu niliifuta yote. Nilibakiza sauti ya maji yanavyopiga ubao wa boti, na sasa ipo kwenye levo ya mto ninayotengeneza, usiku, mvua inanyesha, na mchezaji anavuka bila kujua ng'ambo kuna nani.