Diski zako za kasha jekundu si mbovu

Ndugu yangu, umesema umenunua diski kumi na mbili za makasha mekundu kwa Mtaliano aliyekuwa anahama Malindi, deki yako ya Blu-ray ikazitema zote, sasa wauliza kama umeuziwa mbovu. Soma juu ya kasha: HD DVD, mfumo wa diski za picha kali uliokuwa mpinzani wa Blu-ray. Diski ni nzima. Ni mfumo wake uliokufa.

Nayajua haya kwa sababu yalinitoa pesa. Nilikuwa na kibanda cha kukodisha kanda pale Barani, Malindi, na macho yangu yameona VCD ikiziua kanda za VHS. Filamu moja diski mbili, ukifika patamu unainuka kubadilisha, lakini bei ilikuwa chini na watu wakazipokea. Nikajiwekea kanuni: cha rahisi ndicho hushinda. Kwa hivyo mwishoni mwa Januari 2008, wageni wanakimbia pwani kwa ghasia za baada ya uchaguzi, mmoja wa huko Casuarina akaniuzia deki ya Toshiba ya HD DVD na diski tisa kwa bei ya kutupa. Nikamwambia mke wangu, "Hii ndiyo ya kesho." Akaniuliza, "Kesho ya nani?"

Kumbe tarehe 4 ya mwezi huohuo Warner Bros., watengenezaji filamu wakubwa, walishatangaza kuhamia Blu-ray peke yake. Siku hizo redio zetu zilikuwa na habari za nyumbani tu, nani angesikia ya Hollywood? Tarehe 19 Februari Toshiba wenyewe, wakuu wa kambi ya HD DVD, wakanyosha mikono.

Wengi humu mwasema Blu-ray ilishinda kwa uzuri wa picha. Hapo mimi siwafuati. Zote mbili zasomwa kwa leza ileile ya samawati, na ukiziweka kando kwa kando kwenye televisheni ya kawaida hutofautishi. Blu-ray ilibeba zaidi, kweli: gigabaiti 25 kwa tabaka dhidi ya 15. Lakini HD DVD ndiyo iliyokuwa nafuu. Tabaka lake la data limekaa milimita 0.6 ndani, sawa na DVD, hivyo mitambo ya zamani ya DVD ilirekebishwa tu. La Blu-ray liko milimita 0.1 kutoka juu, likataka mitambo mipya na ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Kwa kanuni yangu, Toshiba walikuwa washinde.

Kilichoivuruga hesabu ni PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony, nao Sony walikuwa upande wa Blu-ray. Kuanzia Novemba 2006 kila moja ilitoka na Blu-ray tumboni. Mtoto anunuliwa mchezo, baba amepata deki bila kuagiza. Microsoft nao walikuwa upande wa HD DVD, lakini kwa Xbox 360, mashine yao ya michezo, kisomeo chake kilikuwa cha kununua kando. Nani anunue kando? Warner walikuwa wakiuza mifumo yote miwili. Walipochagua upande, Netflix, waliokuwa wakikodisha diski kwa posta, na maduka ya Walmart ya Marekani wakafuata Februari hiyohiyo.

Deki yangu sikuitupa. Ilicheza DVD za kawaida vizuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, mpaka siku stima iliporudi kwa kishindo ikaiunguza. Na katika miaka yote ile hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniulizia Blu-ray. Kibanda changu kilifungwa na flashi: kijana ajaza filamu ishirini kwa mkupuo, arudi kwako kukodi nini?

Sasa zako. Tafuta kile kisomeo cha Xbox 360, kinachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, au kisomeo cha kompyuta cha LG cha aina inayosoma mifumo yote miwili. Kompyuta pia itataka programu inayoielewa HD DVD. Nafuu moja ni kwamba HD DVD hazina kufuli la maeneo kama Blu-ray, kwa hivyo hata kama zilinunuliwa Marekani zitacheza. Uliza bei kwanza. Usilipe zaidi ya ulichotoa kwa diski zenyewe.

Ukikipata, nitakuja na zangu tisa. Mbili sijaziona mwisho wake.