Dogo kuhama chuo: mkuu, jina lisiingie potali kwanza!

Mkuu, simamisha hapo hapo! Umeuliza kama umlipe wakala ili dogo wako ahame chuo: hiyo hela usimpe mtu. Dogo anasugua benchi Iowa kwenye futiboli ya Kimarekani, halafu wakala anakwambia jina likiingia potali (orodha ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, ya wachezaji wanaotaka kuhama) vyuo vya Texas vitamgombania? Mimi niliimbiwa wimbo huo huo, kiitikio kikiwa Cam Ward: mtoto wa West Columbia, Texas, kaanzia Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio, akaenda Washington State, akamalizia Miami, na 2025 akachaguliwa namba moja NFL, ligi ya kulipwa. Yote kweli. Alichomeza yule kanjanja ni kwamba Ward alikuwa anaanza mechi tangu mwaka wa kwanza. Video anazo. Dogo wangu alikuwa na video za sekondari na picha kali za jezi.

Tukaingiza jina. Chuo kinapewa siku mbili za kazi kuliweka, na ukishaomba kuhama kinaweza kukukatia ufadhili muhula ukiisha. Hilo hakulisema. Ikaja barua pepe fupi kama meseji ya M-Pesa: tunakushukuru, ufadhili wako unakoma. Simu ya wakala ikawa inaita tu. Dogo kahamia sebuleni kwangu Houston na mabegi yake, simu ikilia anaruka, kumbe ni watu wa bima ya gari. Akaangukia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, karo juu yangu, na baadhi ya masomo aliyofaulu hayakuhesabiwa. NCAA wanataka anayeanza mwaka wa tatu awe na asilimia 40 ya shahada. Hama ovyo uone hesabu inavyokukimbia. Mimi nina shahada ya kupigwa, ada nimelipa yote.

Umeuliza wachezaji wanatoka wapi: wengi Texas, Florida, Georgia na California. Sasa unampeleka mtu wa benchi Texas, ambako sekondari tu zinajaza viwanja kila Ijumaa? Na vikosi vya vyuo vikubwa siku hizi mwisho wachezaji 105.

Hajacheza, jina haliingii. Dirisha la 2026 la kuingiza majina lilipangwa Januari 2 hadi 16, lakini nani kakwambia lazima awe humo? Akae, apate hata dakika za kikosi cha mipira inayopigwa kwa mguu (special teams), makocha wapate cha kutazama. Wakala akisema "mzee, nina watu wangu ndani", njoo inboksi tulinganishe namba ya simu. Nahisi ni yule yule.