Muulize Mwalimu: Semina ilisema mtu wa ndani, simu ikasema mtu wa nje

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi katika ofisi moja hapa Dodoma. Miaka miwili nimekaa dirishani, napokea watu na malalamiko yao. Mwezi wa tatu tulipelekwa semina. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mwezeshaji akatugawia karatasi ya maswali zaidi ya sabini, kila swali uchague jibu moja kati ya mawili. Mwisho unapata herufi nne. Mimi nikatoka INFJ. Akasema hiyo I ni mtu wa ndani, anayechoshwa na watu. Tukabandikwa herufi zetu kifuani, tukapigwa picha.*

*Wiki iliyofuata mkuu wa kitengo akanihamishia masjala. "Kumbe watu wanakuchosha na husemi," akaniambia. Nililia chooni. Jioni moja nyumbani nikalifanya tena jaribio hilo kwenye simu, mdogo wangu ananisomea maswali huku tunachambua mlenda. Nikatoka E, mtu wa nje! Sasa mimi ni nani?*

*Na kuna jambo naona aibu kulisema. Tangu niende masjala narudi nyumbani kichwa hakiumi. Lakini kule dirishani wazee waliotoka Bahi walikuwa wananiulizia kwa jina.*

*Binti wa Masjala, Nzuguni*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwenye hicho kichwa kisichouma. Tutafika huko. Kwanza nikusimulie herufi zako zilikotoka, maana naona mmevalishwa bila kuambiwa nani alizishona.

Mwaka 1921 daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kuhusu aina za haiba. Ndiye aliyeyapa nguvu haya maneno ya mtu wa ndani na mtu wa nje, ingawa mwenyewe hakuamini kwamba yupo mtu aliye wa upande mmoja tu. Kule Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, akayapenda mawazo yake, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia binti yake, Isabel Briggs Myers, akaanza kuyatungia maswali, ndilo jaribio linaloitwa Myers-Briggs, kwa kifupi MBTI. Hawakuwa wanasaikolojia wa kusomea. Isabel alikuwa amesoma sayansi ya siasa, na alikwisha kuandika riwaya ya upelelezi. Silisemi hilo kwa dharau. Mama yangu mzazi hakumaliza darasa la nne na alikuwa anamjua mtu kwa namna anavyoshika kata ya maji.

Herufi zenyewe ni jozi nne. I au E: unapata nguvu ukiwa peke yako au ukiwa na watu. S au N: unaamini unachokishika au unawaza kilicho nyuma yake. T au F: unaamua kwa hoja au kwa kuwaangalia watakaoguswa. J au P: unapanga mapema au unaacha mambo yaje. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, kumi na sita. Na hapo kwenye kukata katikati ndipo panaponikera. Nilisahihisha mitihani miaka 31. Aliyepata 49 alifeli, aliyepata 51 alifaulu, na mimi niliyewafundisha nilijua kabisa kwamba akili zao ni zilezile. Mmoja aliamka na malaria. Watu walio wengi wako hapo katikati. Majibu mawili matatu yakigeuka, unavuka mstari, na mwezeshaji anakwambia umekuwa mtu mwingine. Watafiti waliowapima watu walewale baada ya wiki chache wamekuta si wachache waliobadilika walau herufi moja. Kwa hiyo wewe si kichekesho. Wala hilo la kwenye simu huenda si lile la semina. Yako mengi yanayotumia herufi zilezile na maswali yake ni mengine.

Lakini mbona ile I ilikuingia mpaka ukalia? Hapa nikuungamie dhambi yangu. Nilipokuwa nafundisha saikolojia chuo cha ualimu, kila mwaka nilikuwa nawapa wanachuo dodoso, nakusanya, na baada ya wiki namrudishia kila mmoja bahasha yenye maelezo ya haiba yake. Nawaomba wayape alama, sifuri mpaka tano. Wengi walitoa nne na tano. Mwaka mmoja kijana wa Kongwa alinifuata nje ya darasa, macho mekundu, "Mwalimu, umejuaje?" Sikuwa nimejua chochote. Bahasha zote zilikuwa na karatasi moja: una uwezo ambao hujautumia, unahitaji kupendwa ila unajikosoa sana, kwa nje umetulia ila ndani una wasiwasi. Mchezo huo si wangu. Mmarekani Bertram Forer aliufanya mwaka 1948 kwa wanafunzi wake 39, maneno akayaokota kwenye kitabu cha nyota, nao wakampa wastani wa 4.26. Yule kijana nilimwomba radhi. Mpaka leo sina hakika kama aliniamini nilipomwambia kuwa karatasi haikuwa yake.

Turudi kwako. Ulijibu mara mbili, na mara zote mbili hukuwa peke yako. Kwenye semina ulikuwa umeshiba wali, umechoka, na mkuu wa kitengo amekaa meza ya pili. Nyumbani anayekusomea ni mdogo wako, na kila ukijibu anacheka au anabisha, "Dada, muongo wewe!" Mtu wa hivyo hujibu kama anayeonekana. Tena yale maswali: kwamba mwisho wa wiki ungependa kukaa peke yako au kwenda karamuni. Binti, nyumba za Nzuguni nazijua. Lini mara ya mwisho ulikaa peke yako saa nzima? Unaulizwa kama unapenda kitu ambacho huenda hujawahi kukionja, na karamu nayo kwetu si hiari. Harusi ya binamu huendi kwa sababu ya haiba, unakwenda kwa sababu kadi ya mchango ilishakufikia.

Sasa mkuu wako. Hapa kakosea, na si mimi tu ninayesema. Wenyewe wanaolimiliki jaribio hilo la Marekani wanaelekeza kwamba lisitumike kuchagua nani apewe kazi gani. Nenda kwake asubuhi, si saa nane watu wakiwa na njaa. Usiende kubishana kwamba wewe ni E, utakuwa umekubali mchezo wake. Mwambie: "Mkuu, naomba unieleze kosa langu la dirishani, kama lipo." Halafu nyamaza. Kama lipo, utalijua. Kama halipo, atalisikia mwenyewe.

Ila usiende wiki hii. Tuna kile kichwa.

Umekiona kama ushahidi kwamba karatasi ilisema kweli, ndiyo maana unaona aibu. Mimi nauliza kwanza: dirisha lako linatazama wapi? Kama ni magharibi, jua la saa tisa la Dodoma linamuumiza kichwa mtu wa aina yoyote kati ya zile kumi na sita. Ulikuwa unakunywa maji, au uliogopa kuacha foleni uende chooni? Nani alikuwa anakupokea ukienda kula? Inawezekana hukuchoshwa na watu hata kidogo, ulichoshwa na kukaa saa tano bila kuinuka. Inawezekana pia unaipenda masjala. Basi ipende, majalada nayo yanahitaji mtu makini, na wazee wa Bahi wataelekezwa ulipo.

Chukua daftari la shule la kurasa 48. Wiki mbili, kila jioni kabla ya kulala, andika mistari miwili: leo nini kilinichangamsha, leo nini kilinimaliza. Usiandike "watu". Andika mtu gani, saa ngapi, umekaa au umesimama. Kisha muulize mama yako ulikuwaje una miaka sita wageni wakija. Ukimaliza, niandikie, na lile swali la dirisha unijibu.

*Mwalimu, mchumba wangu kafanya hilo jaribio, mimi nikafanya, herufi zetu zote nne zimepishana. Rafiki yangu anasema nisitoe mahari. Nifanyeje? — Mfuga Kuku, Singida*

Uliyempenda ulimpenda kabla ya herufi, sivyo? Msiba ukitokea ukoo wowote kati yenu, nendeni wote, mkae mpaka siku ya tatu. Mtazame akiwa jikoni, na yeye akutazame ukiwa kwenye turubai na wazee. Huyo rafiki yako naye mtazame, kama amekuja.